Kutia picha ndani ya umbo: Photopea yatosha kabisa, na hizi zengine nimezipima pia

Kwa sie tunaofanya kazi ndogo ndogo za kudizaini hapa Mombasa, kadi za arusi, bana za khitma, stika za tuktuk, fulana za safari za shule, kuna kazi moja haiishi: mteja anataka picha ikae ndani ya duara, au ndani ya kopa, au ndani ya herufi za jina la mtoto. Kitu kidogo ukikitazama, lakini hapo ndo programu inajulikana kama ni ya kazi ama ni ya kupotezea watu wakati. Mimi natumia Photopea, programu ya kuhariri picha, na nataka niieleze vizuri ilivyo, na nitazitaja GIMP, Inkscape, Canva, CorelDRAW na Photoshop yenyewe kwa sababu mtu hawezi kuchagua moja bila kujua zile zengine zikoje.

Kwanza tuelewane nini natafuta. Kukata picha ni kitu kimoja, kuitia ndani ya umbo ni kitu chengine. Ukichora duara juu ya picha halafu ukafuta vilivyo nje, vile vilivyofutwa vimekwenda, na kazi zetu haziishi mara ya kwanza hata siku moja. Unamtumia mamake bibi arusi ile kadi, mara sauti yaja, mwanangu mbona kilemba cha bwana arusi kimekatika juu, hebu mteremshe kidogo, na huyo mdogo wake aonekane. Kama ulifuta huna kilemba cha kurudisha, waanza upya. Lakini kama picha iko nzima nyuma ya umbo, umbo ni kama dirisha tu la ghorofani na picha ndo bahari iliyo nje, basi waivuta chini kidogo kilemba kinaingia na kazi imekwisha. Hicho ndo kipimo changu cha kwanza kwa programu yoyote: picha isikatwe, ifichwe. Mengine yote yaja baada ya hapo.

Photopea yafunguka ndani ya brauza, huinstoli kitu, huandikishi kitu, waandika tu photopea.com inakuja. Imetengenezwa na jamaa anaitwa Ivan Kutskir wa huko Jamhuri ya Czech, na imekuwepo tangu 2013. Ni ya bure, yajilipia kwa matangazo yanayokaa upande wa kulia wa skrini, na ukitaka yaondoke unalipia. Kitu watu wengi hawakijui ni kwamba faili lako haliendi popote, kazi yote inafanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa hivyo ikishafunguka hata intaneti ikikatika waendelea kufanya kazi. Kwa mtu anayetumia hotspoti ya simu hili ni jambo kubwa sana, bando linaliwa pale mwanzo wa kufungua tu, halafu picha za mteja zenye megabaiti nyingi hazipandi wala hazishuki. Na kwa picha za familia za watu, mabinti wa watu wamevua buibui ndani ya ukumbi wa wanawake, mimi napenda kujua kwamba picha haitoki kwenye mashine yangu. Hiyo ni amana.

Sasa kazi yenyewe. Wafungua faili jipya, wachukua kifaa cha kuchora maumbo, wachagua duara, washikilia Shift wakati wa kuvuta ili liwe duara la kweli na lisiwe yai. Halafu wenda kwenye menyu ya File pale penye "Open & Place", wachagua picha, yaja kama leya mpya, yaani tabaka lake peke yake juu ya mengine. Hakikisha leya ya picha iko JUU ya leya ya umbo, hapa ndo wengi hukwama, picha juu umbo chini. Ukiwa umechagua ile leya ya picha wenda menyu ya Layer wabonyeza "Clipping Mask", au kwa kibodi Ctrl na Alt na G pamoja. Papo hapo picha inaingia ndani ya duara, na hiki ndo ninachokiita kubana. Ukitaka kuisogeza waivuta na mausi, duara halitikisiki. Ukitaka kuikuza au kuipunguza wenda Edit halafu "Free Transform", na hapa wale waliozoea Photoshop waangalie, ile Ctrl na T mliyoizoea ni ya brauza, inafungua tabu mpya, kwa hivyo tumieni menyu.

Uzuri mwengine ambao naupenda sana, picha ukiiingiza kwa njia hiyo yaja kama kile wanachokiita smati objekti, yaani picha asili inahifadhiwa nzima ndani, waweza kuipunguza ikawa kama kucha halafu uikuze tena na isiharibike. Na ukibonyeza kulia kwenye leya kuna "Replace Contents", yaani unabadilisha picha na kila kitu chengine kinabaki pale pale. Fikiria vyeti vya madrasa, watoto chungu nzima, kila mmoja na picha yake ndani ya duara pembeni ya cheti. Watengeneza kimoja kizuri, fremu ya dhahabu, kivuli, jina, halafu wabadilisha picha na jina tu, wasevu, wafuata wa pili. Kazi ya siku nzima yawa ya asubuhi moja. Wapiga picha wawaambie tu watoto wakae umbali ule ule kutoka kwa kamera, maana vichwa vikiwa sawa hata kusogeza husogezi.

Kuhusu hiyo fremu na ukingo, kuna kitu lazima nikiseme. Ukitaka mstari wa dhahabu kuzunguka kopa lako, ule mstari uutie kwenye leya ya UMBO, si kwenye leya ya picha. Picha bado ni mstatili hata kama waiona ni kopa, ukiitia mstari utazunguka ule mstatili uliofichwa na hutauona kabisa. Kwenye umbo ndo utafuata kopa vizuri. Kivuli vilevile. Bonyeza mara mbili leya ya umbo, chagua "Stroke", weka rangi na unene, mwambie ukae nje, basi.

Maumbo yenyewe si duara na mstatili tu. Waweza kutumia maandishi kama umbo, na hii wateja wa birthday wanaipenda kupita kiasi. Waandika jina la mtoto kwa herufi nene sana, nasema nene kweli, kwa sababu herufi nyembamba hazibebi picha, utaona vipande vya nguo tu na hujui ni nani. Halafu picha juu, "Clipping Mask", uso unakaa ndani ya jina. Na maandishi yanabaki maandishi, mama akisema umekosea ni Asha si Aisha, wafuta herufi moja na picha inajipanga yenyewe ndani ya jina jipya. Neno MOMBASA likiwa na picha ya bahari ya Nyali ndani yake lapendeza kwenye fulana mpaka basi, maana herufi za M na O ni pana.

Ama umbo la kuchora mwenyewe. Jamaa mmoja anayetembeza wageni alitaka fulana yenye ramani ya Fort Jesus na ndani yake maji ya bahari. Wazo zuri sana hilo, kwa sababu ile ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu amelala, kichwa, mikono na miguu. Kwa hivyo umbo lenyewe lina maana, si mapambo. Unaweka picha ya kutoka juu kama mwongozo, unachukua kalamu ya kuchorea njia, unaifuata pembe kwa pembe, na kwa kuwa ngome ile ni mistari iliyonyooka na kona kali kazi ni nyepesi kuliko unavyofikiri, wabonyeza kona, wabonyeza kona, mpaka urudi ulipoanzia. Mwongozo waufuta, bahari waiweka juu, waibana. Wateja wa namna hii wanaojua wanataka nini ni raha kufanya nao kazi.

Pembe za Moi Avenue, zile kubwa za mfano wa pembe za ndovu zilizo juu ya barabara hapa Mombasa, ni habari nyengine kidogo. Pale una pembe nne, zinapishana na kufanya kama M, na ukizichora kila moja inakuwa leya yake. Leya moja ya picha inabanwa na leya moja tu iliyo chini yake, haiwezi kubanwa na nne, kwa hivyo utaona picha imejaa pembe moja na tatu zimebaki na rangi yake. Dawa yake ni kuchagua leya zote nne za pembe pamoja, kubonyeza kulia, na kuzigeuza kuwa smati objekti moja. Sasa ni umbo moja, weka picha juu ubane, zote nne zinajaa. Na ukitaka kurekebisha mkunjo wa pembe waifungua ile smati objekti kwa kubonyeza mara mbili, warekebisha, wasevu, warudi.

Kuna wakati hutaki ukingo mkali, wataka picha ififie pole pole. Kwa mfano arusi nyingi za Mji wa Kale, bibi arusi hataki uso wake kwenye bana, na ni haki yake, kwa hivyo huletwa picha ya mikono yenye hina, au ya pete na jasmini. Mikono ile ikikatwa na kopa lenye ukingo mkali naona yapoteza uzuri wake. Hapo watumia maski ya leya badala ya umbo, maski ni picha nyeupe na nyeusi, palipo peupe panaonekana, palipo peusi panafichwa, na palipo kijivu panaonekana nusu. Wachukua brashi laini nyeusi wapaka ukingoni na mikono yayeyuka ndani ya rangi ya bana. Umekosea, wapaka nyeupe inarudi. Photopea inayo hii pia na yafanya kazi vile vile.

Kasoro zipo na nitazisema wazi. Ya kwanza ni nguvu ya mashine, kila kitu kinategemea memori ya brauza, kwa hivyo kwenye laptopu ya ramu ya GB 4 ukifungua bana kubwa na huku tabu nyengine kumi ziko wazi itakuwa nzito. Funga tabu zote, fanya na hiyo moja. Ya pili, kwa vile faili haliko kwenye seva yoyote hakuna wa kukuhifadhia, lazima usevu mwenyewe kama PSD, lile faili linalohifadhi leya zote, kwenye mashine kila mara, na stima zetu mwazijua. Ya tatu, matangazo ya pembeni yanakula nafasi kwenye skrini ndogo. Kwangu mimi hizi zote navumilia, kwa kitu cha bure chenye uwezo huu.

Hizo zengine sasa. Photoshop ndo mama yao, imeanza 1990, na hii njia ya kubana leya wameichukua kwake mpaka vibonyezo ni vile vile. Tena tangu lile toleo la 2019 iko na kifaa cha fremu, wabonyeza K, wachora fremu ya mstatili au ya duara, waburuta picha inaingia yenyewe. Ni tamu kutumia, lakini ni ya kulipia kila mwezi kwa dola, na kwa mtu ambaye kazi zinakuja kwa msimu, mwezi wa arusi umejaa na mwezi wa Ramadhani kimya, hesabu yake ngumu.

GIMP ni ya bure kabisa na yafanya kazi bila intaneti hata tone, ni kongwe pia, ilianza kama kazi ya wanafunzi wawili wa Berkeley huko Marekani miaka ya 90. Naiheshimu. Lakini kwa kazi hii mahususi yazunguka sana. Njia yake ya kawaida ni kuchora duara la kuchagulia, halafu kuipa leya maski kutokana na ule uchaguzi, na hapo picha inakaa kwenye duara sawa, shida ni ukiisogeza picha maski inakwenda nayo, duara zima linahama. Suluhisho lake ni kuitia picha ndani ya kundi la leya na maski uipe KUNDI, siyo picha, jambo ambalo lawezekana tangu toleo la 2.10 la 2018. Hapo ukisogeza picha ndani ya kundi duara linabaki. Ukishajua hivyo GIMP yatumika vizuri tu, na mtu asiye na intaneti ya kutegemea nitamwambia achukue hiyo.

Inkscape pia ya bure, na kwa stika za kukatwa na mashine ndo naipendekeza kwa sababu ni ya mistari, umbo halipasuki hata ulikuze liwe ukuta mzima. Ila huku mambo ni kinyume, na hapa ndo mtu aliyezoea Photopea anachanganyikiwa: umbo linakaa JUU ya picha, wachagua vyote viwili, wenda menyu ya Object, "Clip", wabonyeza "Set Clip". Ukiweka umbo chini kama ulivyozoea haitakupa unachotaka. CorelDRAW ambayo utaikuta kwenye mashine nyingi za wenye printa ina PowerClip, wachagua picha, wamwambia iweke ndani ya fremu, unatokea mshale, waubonyeza kwenye umbo, hakuna cha juu wala chini. Kwa urahisi wa kutia tu naipa PowerClip nafasi ya kwanza, sitaficha. Bei ndo inanirudisha nyuma.

Canva kila mtu anaijua, waburuta picha kwenye fremu inaingia, wabonyeza mara mbili waisogeza. Kwa posta ya Idi yenye hilali, ya kutuma kwenye status, sioni haja ya kuteseka na kitu chengine. Lakini wategemea fremu walizokuwekea, ile ngome ya yule jamaa huwezi kuichora kule kwa raha. Na hata Word yafanya, nawaambia wenye saiba msidharau, waichagua picha, kwenye vifaa vya picha pale pa "Crop" kuna "Crop to Shape", wachagua duara, halafu rudi hapo hapo kwenye "Aspect Ratio" uchague 1:1 vinginevyo duara lako litakuwa yai. Picha haikatwi kikweli, yaweza kusogezwa. Kwa sivii na barua inatosha.

Jambo la mwisho ambalo laharibu kazi nzuri ni kusevu na kuprinti. Ukimaliza duara lako na wataka kulipeleka peke yake bila bakgraundi, toa PNG, usitoe JPEG. JPEG haijui uwazi, zile kona nne zitajazwa nyeupe na ukiliweka juu ya bana ya kijani utaona boksi jeupe. Pili, vipimo. Stika ya duara ya sentimita 5 kwa pikseli 300 kwa inchi, pikseli ni vile vidoti vinavyounda picha, yataka pikseli kama 590 hivi upana, na kwa vile wembe hautui mahali pamoja kila mara ongeza milimita 3 kila upande, yaani dizaini yako iwe ya sentimita 5.6, kama pikseli 660. Nyuso na maandishi yakae mbali na ukingo. Sasa mteja akikutumia picha ya kundi zima la watu, akataka uso wa mtoto mmoja utiwe kwenye hilo duara, ukizumu ukakuta ule uso una pikseli 200 tu, mwambie mapema kwa upole kwamba itatoka na ukungu, hakuna programu itakayoleta kisichokuwepo. Mwombe picha asili, na amwambie aliye nayo aitume kwa WhatsApp kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa njiani na zile pikseli chache zapungua zaidi. Bana kubwa ya kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara yavumilia, stika ya kushikwa mkononi haivumilii.

Na wanaouliza kama Photopea inafanya kazi kwenye simu, inafunguka, ndio, lakini vitufe ni vidogo sana kwa kidole na leya zinajificha, kwa simu bakini na Canva mpaka mpate laptopu, hata ile ya mtumba kuukuu, mradi brauza yake ni mpya na muitafutie mausi ya kweli, kalamu ya kuchorea umbo haitaki ile padi ya kugusa.